Kingani iliyogeuka Fifi: maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu meli ya Kijerumani iliyotekwa Ziwa Tanganyika

Anayefika Kigoma na kuiona MV Liemba hachelewi kuuliza kuhusu vita vya ziwani, na maswali yake mengi huishia kwenye stima moja ndogo ambayo haipo tena. Ukurasa huu umekusanya maswali hayo. Jambo likiwa limekwisha kuelezwa mahali pengine, utaelekezwa kwenye namba ya swali lake.

## Mambo ya msingi

1. Kingani ilikuwa meli ya aina gani?

Ilikuwa stima ndogo ya Kijerumani ya tani 45 hivi, yenye urefu wa mita 17 hivi. Jina lake lilitokana na Mto Kingani, yaani Ruvu inayoingia baharini karibu na Bagamoyo, kwa kuwa mwanzoni ilitumika pwani. Vita vya Kwanza vya Dunia vilipoanza mwaka 1914, Wajerumani waliipandisha garimoshi kutoka Dar es Salaam hadi Kigoma. Reli ya Kati ilikuwa imefika Kigoma mwaka huohuo, kwa hiyo jambo hilo liliwezekana kwa mara ya kwanza.

Silaha yake kubwa ilikuwa mzinga mmoja wa milimita 37 uliofungwa mbele, kwenye omo. Shika hapo, mbele, kwa sababu ndipo ilipoponzwa.

2. Kulikuwa na nini cha kupigania ziwani?

Ziwa Tanganyika lilikuwa mpaka. Mashariki walikuwa Wajerumani, magharibi Wabelgiji wa Kongo, kusini Waingereza wa Rhodesia ya Kaskazini. Barabara za magari hazikuwepo, kwa hiyo mwenye stima yenye mzinga ndiye aliyeamua nani avuke, nani apelekewe chakula na nani ashambuliwe usiku.

Wajerumani waliwahi. Agosti 1914 meli yao Hedwig von Wissmann iliishambulia na kuiharibu Alexandre Delcommune, stima ya Wabelgiji. Kabla mwaka haujaisha waliharibu pia stima za Waingereza zilizokuwa zimelala kusini mwa ziwa. Kuanzia hapo ziwa lote lilikuwa mikononi mwao, na wanajeshi wao waliweza kupelekwa popote pwani ya ziwa bila kuzuiwa na mtu.

3. Wajerumani walikuwa na meli gani nyingine?

Hedwig von Wissmann, tani 60 hivi, ilikuwa na mizinga miwili mbele na mmoja mdogo nyuma. Kisha ikaja Graf von Götzen, ambayo ilikuwa jambo jingine kabisa: urefu wa karibu mita 70, iliyoundwa Papenburg huko Ujerumani, ikafunguliwa vipande vipande, ikasafirishwa hadi Dar es Salaam, ikapakiwa kwenye garimoshi na kuungwa upya Kigoma. Ilishushwa majini Februari 1915. Ilifungwa mzinga wa milimita 105 uliotoka kwenye manowari Königsberg, ambayo mwaka huo iliangamia kwenye delta ya Rufiji.

Mkuu wa wanamaji wa Kijerumani hapo Kigoma alikuwa Gustav Zimmer. Alikuja na mabaharia wa Möwe, meli ya upimaji ambayo Wajerumani wenyewe waliizamisha Dar es Salaam Agosti 1914.

4. Majina ya zamani yananichanganya. Lukuga ni wapi? Bismarckburg je?

Lukuga ni mahali palipoitwa baadaye Albertville, na leo ni Kalemie, Kongo. Elisabethville ni Lubumbashi. Bismarckburg ni Kasanga, mkoani Rukwa. Rhodesia ya Kaskazini ni Zambia. Kigoma na Ujiji hazikubadili majina.

## Jinsi ilivyotekwa

5. Waingereza waliitekaje ilhali hawakuwa na meli ziwani?

Walizileta. Mwindaji wa tembo aitwaye John Lee alipeleka wazo London mwaka 1915: boti mbili ndogo zenye injini ya petroli zisafirishwe kwa meli hadi Cape Town, kisha kwa reli na kwa kukokotwa hadi ziwani. Wakuu wa jeshi la majini walikubali. Boti zenyewe, Mimi na Toutou, zilikuwa na urefu wa mita 12 hivi, mbao nyepesi, mzinga mdogo mbele na bombomu nyuma. Kiongozi alikuwa Geoffrey Spicer-Simson, na Waingereza aliokuwa nao hawakufika hata 30.

Waliondoka Uingereza Juni 1915. Kutoka Cape Town hadi Fungurume, kule Katanga, boti zilikwenda kwa reli. Hapo reli ikakoma, na mbele yao kukawa na kilomita 235 hivi za pori na milima ya Mitumba. Matrekta ya mvuke yalizikokota boti, maksai wakasaidia, na mteremko ulipokuwa mkali boti zilizuiwa kwa kamba na winchi zisije zikaporomoka. Madaraja zaidi ya 100 yalijengwa kwa miti iliyokatwa palepale. Baada ya milima ilifuata reli fupi hadi Bukama, kisha Mto Lualaba uliokuwa umepwa kwa kiangazi, kisha reli tena. Walifika Lukuga mwishoni mwa Oktoba. Kuhusu mikono iliyofanya kazi hiyo hasa, tazama swali la 14.

6. Nini hasa kilitokea tarehe 26 Desemba 1915?

Ilikuwa Jumapili, siku ya pili ya Krismasi, na boti zilikuwa ndiyo kwanza zimeshushwa majini siku chache kabla. Waingereza walikuwa kwenye ibada ya asubuhi pale habari ilipokuja kwamba stima inaonekana. Ilikuwa Kingani, imekuja kupeleleza bandari ambayo Wabelgiji walikuwa wakiijenga Lukuga. Wajerumani walitaka kujua hasa kama Wabelgiji walikuwa wanaunda meli kubwa pale.

Mimi na Toutou ziliiacha ipite, kisha zikatoka na kuifuata kwa nyuma. Nahodha wake, Junge, alipozitambua akaongeza mwendo na kujaribu kugeuka, lakini mzinga wake ulitazama mbele na adui alikuwa nyuma, tena mwenye mwendo kasi zaidi. Kombora liliupiga mzinga na kumuua Junge pamoja na wenzake. Mhandisi ndiye aliyeishusha bendera. Mapigano yote yalichukua dakika 11.

Kingani iliingizwa Lukuga ikivuja, ikagota kwenye maji mafupi. Maiti walizikwa nchi kavu, waliosalia wakawa mateka. Alikuwemo pia mbuzi ndani ya meli, naye akahesabiwa miongoni mwa waliookoka.

7. Ina maana Wajerumani hawakujua kwamba meli yao imetekwa?

Hawakujua, na mimi naona hapa ndipo ushindi wa Februari ulipoanzia. Kigoma waliiona Kingani haikurudi, basi. Hakuna aliyeponyoka kwenda kuwaeleza. Walidhani imepigwa na mizinga ya Wabelgiji iliyokuwa nchi kavu Lukuga. Mapema Desemba walikuwa tayari wamempoteza ofisa wao Rosenthal, aliyekamatwa alipokwenda kuichungulia bandari hiyohiyo kwa kuogelea. Kwa hiyo hawakuwa na jicho Lukuga, na hawakujua kwamba ziwani kulikuwa na boti za petroli, wala kwamba Kingani sasa ina bendera nyingine.

## Kazi yake chini ya bendera mpya

8. Kwa nini iliitwa Fifi?

Spicer-Simson alitaka jina linalokwenda pamoja na Mimi na Toutou, basi likawa HMS Fifi. Hutajwa kuwa manowari ya kwanza ya Kijerumani kutekwa na kuingizwa katika jeshi la majini la Uingereza katika vita vile.

9. Je, ilikuwa halali kutumia meli ya adui?

Ndiyo. Kwa sheria za vita vya majini, meli ya kivita ikishatekwa huwa mali ya dola iliyoiteka papo hapo. Meli ya biashara ndiyo inayopaswa kupelekwa mbele ya mahakama ya ngawira kwanza. Kinachokatazwa ni kufyatua risasi ukiwa bado unapeperusha bendera ya mwingine. Kabla ya kombora la kwanza lazima upandishe bendera yako halisi.

10. Meli ilibadilishwa nini ilipotengenezwa?

Tundu lilizibwa, ikatolewa maji, ikarudishwa majini. Badiliko kubwa lilikuwa la silaha. Mzinga wa zamani ulihamishiwa nyuma, na mbele ukafungwa mzinga wa ratili 12, yaani wa milimita 76, uliokuwa umewekwa kulinda pwani. Kwa chombo cha mita 17 huo ni mzigo mkubwa sana. Ukifyatuliwa kuelekea mbele, msukumo wake uliirudisha meli nyuma hata mwendo ukakatika.

Mbona wakaufunga, basi? Kwa sababu Mimi na Toutou hazikuweza kubeba mzinga wa maana. Zilikuwa nyepesi, mbao zake zililegea kila zilipofyatua, na petroli iliyokuwamo ilikuwa hatari kwao wenyewe. Fifi ilikwenda polepole, lakini ilikuwa ya chuma, ilitulia majini, na sasa ilikuwa na kombora linaloweza kuivunja Hedwig. Waingereza walisafiri zaidi ya kilomita 4,000 barani Afrika na boti za mwendo kasi, na chombo walichokihitaji zaidi wakakipata kwa adui.

11. Ilifanya nini katika mapigano ya tarehe 9 Februari 1916?

Siku hiyo Hedwig von Wissmann, chini ya nahodha Odebrecht, ilitumwa kutazama kilichoipata Kingani. Spicer-Simson alitoka akiwa ndani ya Fifi, na Mimi ikiongozwa na Wainwright, pamoja na vyombo vya Wabelgiji. Toutou ilibaki kwa kuwa ilikuwa imeharibiwa na dhoruba.

Odebrecht alipoona idadi yao aligeuza kuelekea nyumbani. Fifi ikafuata na kufyatua mzinga wake mkubwa, na hapo udhaifu uliotajwa katika swali la 10 ukajitokeza mchana kweupe: kila kombora lilipotoka meli ilisita, na Hedwig ikazidi kwenda zake. Mwendo ule haungeifikisha kamwe.

Aliyeokoa siku ni Wainwright. Mimi iliipita Fifi bila kungoja amri, ikaikaribia Hedwig kwa nyuma na kuanza kuifyatulia. Makombora yake madogo hayakuweza kuizamisha, lakini yalimkera Odebrecht kiasi cha kumfanya ageuze meli ili mizinga yake miwili ya mbele impate huyu mdudu. Kila alipogeuka Mimi iliruka pembeni, na kila mzunguko ulimpotezea Odebrecht muda na maji. Fifi ikajikokota, ikasogea.

Ilipofika karibu, kombora likakwama ndani ya mzinga. Dakika 20 hivi zilipita wakihangaika kulitoa, na makombora yaliyobaki yalikuwa machache ya kuhesabika kwa vidole. Fikiria waliokuwa wanasukuma kuni tanurini muda wote huo, chini, wasione chochote. Mzinga ulipofunguka, kombora lililofuata liliipiga Hedwig, jingine likafika kwenye boila. Meli ikawaka na kusimama. Odebrecht aliamuru iachwe, na ikazama. Yeye na wengi wa mabaharia wake walitolewa majini wakiwa mateka.

12. Siku iliyofuata Götzen ilipita mbele yao. Kwa nini Fifi haikuishambulia?

Ilipita polepole, ikiitafuta Hedwig, na watu wa Spicer-Simson walitaka kutoka. Alikataa. Wengi humlaumu kwa hilo mpaka leo, lakini mimi simlaumu. Kombora moja la milimita 105 lingeimaliza Fifi, na Fifi ilikuwa imetoka kumaliza karibu makombora yake yote siku moja kabla. Lawama inayomstahili ni ya miezi iliyofuata, alipoliacha ziwa na kwenda mbali Kongo kutafuta meli kubwa zaidi, asirudi hadi Mei.

13. Baada ya hapo Fifi ilitumika wapi?

Juni 1916 ilikwenda kusini pamoja na Mimi na Toutou, kusaidia kikosi cha Kanali Murray kilichokuwa kinaizingira ngome ya Bismarckburg. Kazi ya boti ilikuwa moja: kuhakikisha Wajerumani hawatoroki kwa maji. Spicer-Simson aliona mizinga juu ya ngome, akaogopa, akaviondoa vyombo vyake hadi Kituta. Usiku Wajerumani wakapanda mitumbwi na majahazi wakaondoka salama. Murray alipoingia ngomeni, ile mizinga ilikutwa ni ya mbao.

Kwa upande wa kaskazini, ndege za majini za Wabelgiji ziliipiga Kigoma kwa mabomu. Lakini kilichowaondoa Wajerumani Kigoma ni majeshi ya nchi kavu: Wabelgiji walishuka kutoka Rwanda na Burundi, wakakaribia kuikata Reli ya Kati. Tarehe 26 Julai 1916 Wajerumani waliizamisha Götzen wenyewe karibu na mdomo wa Mto Malagarasi, injini zikiwa zimepakwa grisi nzito ili zisiharibike. Mzinga wake mkubwa ulikuwa umekwisha kuondolewa na kupelekwa kwingine. Siku mbili baadaye Wabelgiji waliingia Kigoma.

## Waafrika katika habari hii

14. Waafrika walikuwa wapi? Masimulizi mengi yanataja Wazungu tu.

Walikuwa kila mahali. Ndani ya Kingani walikuwemo mabaharia na wachochea moto Waafrika, na ndani ya Hedwig vilevile. Wengine walikufa, wengine walitekwa. Taarifa za maofisa huwataja kwa idadi, baada ya kumtaja kila Mzungu kwa jina na cheo.

Katika njia ya Mitumba mamia ya watu wa Katanga walikata miti, walijaza mawe kwenye makorongo, walivuta kamba. Matrekta ya mvuke hayaendi bila maji, na ulikuwa msimu wa ukame. Ilipofika mahali vijito vimekauka, wanawake wa vijijini waliletwa wabebe maji kwa mitungi vichwani, umbali mrefu, ili mashine zinywe. Boti ambazo ndizo zilizoiteka Kingani zilifika ziwani kwa maji hayo.

Wakazi wa Lukuga, Waholoholo, nao walimtazama Spicer-Simson kwa macho yao. Alivaa sketi ya kaki, na mwili wake ulijaa chale za nyoka. Inasimuliwa kwamba walimpa jina Bwana Chifunga-tumbo.

Sanamu ya Askari iliyozinduliwa Dar es Salaam mwaka 1927 inawakumbuka askari na wapagazi wa vita vile kwa ujumla. Kwa mabaharia wa ziwani na wanawake wa mitungi ningependa kuona angalau kibao, Kigoma au Kalemie, chenye maneno yanayowataja wao peke yao.

## Maswali yenye utata

15. Je, Liemba ndiyo Kingani?

Hapana, ingawa kosa hili ni la kawaida. Liemba ni Graf von Götzen. Baada ya kuzamishwa (swali la 13) iliinuliwa na Wabelgiji, ikazama tena, kisha Waingereza wakaiinua mwaka 1924 na kuirudisha kazini kwa jina la Liemba mwaka 1927. Haikutekwa vitani. Kingani ndiyo iliyotekwa.

16. Nimesoma kwamba Wissmann ilishambuliwa Ziwa Nyasa. Ndiyo hiyohiyo?

Ni mbili tofauti. Hedwig von Wissmann ilikuwa Ziwa Tanganyika na ilizamishwa kama ilivyoelezwa katika swali la 11. Hermann von Wissmann ilikuwa Ziwa Nyasa. Hiyo ilishambuliwa na meli ya Kiingereza Guendolen Agosti 1914 ikiwa imepandishwa nchi kavu huko Sphinxhafen, ambako leo ni Liuli, kabla nahodha wake hajapata habari kwamba vita vimeanza.

17. Je, Fifi ndiyo iliyowashinda Wajerumani ziwani?

Peke yake, hapana. Iliizamisha meli moja, na hata hiyo kwa msaada wa Mimi. Götzen haikuguswa na Fifi hata mara moja. Ila kuanzia Februari 1916 Wajerumani hawakuthubutu tena kuvuka ziwa kama walivyozoea, na Wabelgiji waliweza kujipanga Lukuga bila kuhofia kuvamiwa usiku. Hilo si dogo kwa chombo cha tani 45, wala haliifanyi kuwa mshindi wa vita.

18. Kuna meli nyingine ndogo zilizotekwa na kutumiwa hivi?

Zipo nyingi, na mfano wa karibu ni meli za Poland za kufagia mabomu ya majini. Zilikuwa sita, zote zimepewa majina ya ndege. Rasi ya Hel iliposalimu amri Oktoba 1939, Wajerumani walizichukua Rybitwa, Czajka na Żuraw, wakaibua na Mewa iliyokuwa imepigwa, wakazipa majina mapya na kuzitumia katika jeshi lao la majini. Nne hizo zilirudishwa Poland mwaka 1946. Żuraw ina kisa zaidi: Agosti 1951, ikiwa meli ya upimaji, sehemu ya mabaharia wake waliasi wakaipeleka Ystad, Sweden, na wengine wakaomba hifadhi huko. Meli ilirudishwa Poland, ikabadilishwa jina kuwa Kompas.